Nikotini ya maji: Namna ya kuihifadhi nyumbani bila kuhatarisha jamaa

NIKOTINI ya maji ni kioevu kinachotumiwa katika sigara za kielektroniki. Huuzwa katika chupa ndogo ikiwa tayari kwa matumizi, au ikiwa kali mno ili mnunuzi aizimue mwenyewe nyumbani kwa kuichanganya na viowevu vingine. Baadhi ya watumiaji hununua kiasi kikubwa kwa wakati mmoja na kukiweka kwa miezi, hata miaka, ama kwa sababu bei ya jumla ni nafuu, au kwa kuhofia kwamba sheria zitabadilika na bidhaa hiyo itoweke madukani.

Anayeweka akiba ya aina hii hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni jinsi ya kuizuia isiharibike. La pili ni jinsi ya kuizuia isimdhuru mtu. Wengi huanza na lile la kwanza, na hapo ndipo hatari inapozaliwa. Mahali panapoihifadhi nikotini vyema zaidi ni ndani ya jokofu, na jokofu ndilo kabati ambalo mtoto hulifungua kila siku akitafuta maziwa au sharubati.

Asili na sifa zake

Nikotini ni kemikali inayopatikana katika mmea wa tumbaku. Jina lake latokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno ambaye alipeleka tumbaku jijini Paris mnamo 1560. Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, ndio waliofaulu kuitenga na mmea huo mnamo 1828. Ikiwa safi, huwa haina rangi, huteleza kama mafuta na huchanganyika na maji kwa urahisi.

Kwamba ni sumu si jambo jipya. Nchini Ubelgiji mnamo 1850, kabaila mmoja, Hippolyte Visart de Bocarmé, alimuua shemeji yake kwa nikotini aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na majani ya tumbaku. Mwanakemia Jean Stas alibuni mbinu ya kuitambua sumu hiyo katika maiti, na mwaka uliofuata muuaji huyo akakatwa kichwa. Baadaye nikotini ilitumiwa kwa miongo mingi kama dawa ya kuua wadudu mashambani.

Si lazima inywewe ndipo idhuru. Nikotini hupenya ngozi na kuingia katika damu. Wakulima wa tumbaku, zao ambalo limekuzwa kwa miaka mingi Kuria na Migori, wamo hatarini hasa wanapovuna majani yaliyolowa umande au mvua. Mvunaji anaweza kupatwa na kichefuchefu, kutapika, kuumwa na kichwa na kizunguzungu ilhali hajavuta hata sigara moja. Ikiwa jani bichi laweza kumwangusha mtu mzima, kioevu kilichokolezwa kinastahili tahadhari maradufu.

Ukali katika chupa

Ukali wa nikotini ya maji hupimwa kwa miligramu zilizomo katika kila mililita moja. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilieleza kwamba miligramu 60 zatosha kumuua mtu mzima. Mnamo 2014, mtaalamu Bernd Mayer wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, alionyesha kwamba kiwango hicho kilitokana na majaribio ya karne ya 19 ambayo hayawezi kutegemewa. Yeye alikadiria kwamba kiasi cha chini kinachoweza kumuua mtu mzima akikimeza ni kati ya miligramu 500 na 1,000.

Makadirio hayo mapya yasimpumbaze mtu. Chupa ya mililita 100 yenye ukali wa miligramu 100 kwa kila mililita ina jumla ya miligramu 10,000. Kijiko kimoja cha chai cha kioevu hicho, yaani mililita 5, kina miligramu 500. Mvutaji wa sigara ya kawaida hupata takriban miligramu moja au zaidi kidogo kutoka kwa sigara moja. Mtoto mwenye uzani wa kilo 10 anaweza kupoteza maisha kwa kiasi kidogo mno kikilinganishwa na cha mtu mzima.

Nchini Marekani, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliripoti Aprili 2014 kwamba simu zilizopigwa kwa vituo vya ushauri kuhusu sumu kutokana na sigara za kielektroniki ziliongezeka kutoka moja tu mnamo Septemba 2010 hadi 215 mnamo Februari 2014. Zaidi ya nusu ya simu hizo zilihusu watoto wasiozidi umri wa miaka mitano. Desemba 2014, mtoto wa mwaka mmoja katika jimbo la New York alifariki baada ya kumeza nikotini ya maji. Januari 2016, Rais Barack Obama alitia saini sheria inayolazimisha chupa za nikotini ya maji kuwa na vifuniko ambavyo watoto hawawezi kuvifungua kwa urahisi.

Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni zilizoanza kutumika Mei 2016, uliamuru kwamba chupa ya kujazia isizidi mililita 10 na ukali wake usizidi miligramu 20 kwa kila mililita. Chupa kama hiyo huwa na miligramu 200 pekee. Azma ya kanuni hizo ni kupunguza sumu inayoweza kumwagika au kumezwa kwa mara moja.

Kinachoiharibu

Nikotini ina maadui watatu: hewa, mwanga na joto. Oksijeni iliyo hewani huibadilisha polepole kuwa kemikali nyingine, na mwanga pamoja na joto huharakisha mabadiliko hayo. Kioevu kisicho na rangi hugeuka kuwa cha manjano, kisha cha hudhurungi. Ladha yake huwa chungu na hukwaruza koo.

Hapa pana kosa ambalo ni sharti liepukwe. Nikotini iliyobadilika rangi haijaacha kuwa sumu. Chupa iliyosahaulika kabatini kwa miaka mitatu, ambayo mwenyewe haitaki tena kwa ubaya wa ladha yake, yaweza kuwa na nguvu ya kuua karibu sawa na siku iliponunuliwa. Ladha hupotea kabla ya sumu.

Chombo kinachofaa

Chupa bora ni ya kioo cha rangi ya hudhurungi, kama zile za dawa, kwa kuwa kioo hakipitishi hewa na rangi hiyo hupunguza mwanga. Plastiki nyingi hupitisha hewa kidogo kidogo, hivyo hazifai kwa akiba ya muda mrefu. Vifuniko vyenye kidude cha mpira cha kudondoshea matone pia havifai, kwa sababu mpira huo huliwa na nikotini na hatimaye huvuja.

Chupa ijazwe hadi karibu na shingo ili hewa inayobaki ndani iwe haba. Ni heri akiba igawanywe katika chupa kadhaa ndogo kuliko kuwekwa katika moja kubwa, ili kila mara ifunguliwe moja tu na nyingine zibaki zimefungwa. Faida nyingine ni kwamba chupa ndogo ikivunjika, madhara yake ni machache.

Kazi ya kugawanya ifanywe mahali penye hewa ya kutosha, watoto wakiwa mbali. Mtu avae glavu za nitrili, miwani ya kukinga macho na nguo zenye mikono mirefu. Asile wala kuvuta sigara anapofanya kazi hiyo. Kikimwagika, kioevu kifutwe kwa karatasi, mahali hapo paoshwe kwa sabuni na maji mengi, na karatasi hizo zitiwe katika mfuko unaofungwa kabisa.

Kamwe nikotini isitiwe katika chupa ya soda, ya maji ya kunywa, ya dawa ya kikohozi au chombo chochote cha chakula. Wakenya wanaijua hatari hii kutokana na mafuta ya taa. Madaktari wamezoea kupokea watoto walioyanywa wakidhani ni maji au soda, kwa kuwa yaliwekwa katika chupa ya kinywaji. Nikotini ya maji ina kishawishi cha ziada, kwa kuwa ile iliyokwisha kuchanganywa mara nyingi hunukia matunda au peremende.

Kila chupa ibandikwe karatasi inayoonyesha jina la kilichomo, ukali wake, tarehe ya ununuzi na neno SUMU kwa herufi kubwa. Maandishi yafunikwe kwa utepe wa plastiki unaong'aa ili yasifutike kwa unyevu. Chupa isiyo na maandishi ni fumbo kwa kila mtu nyumbani, na ni fumbo kubwa zaidi kwa daktari anayejaribu kuokoa maisha usiku wa manane.

Jokofu au kabati?

Baridi huchelewesha kuharibika kwa nikotini. Kwa sababu hii, wanaoihifadhi kwa muda mrefu huiweka katika friza. Nikotini safi huganda katika nyuzi 79 chini ya sifuri, ilhali friza ya nyumbani hufikia takriban nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hivyo kioevu huwa kizito tu bila kuganda kama barafu.

Hata hivyo, nyumba nyingi zina jokofu moja tu, na humo ndimo mna chakula cha watu wote. Kuiweka sumu kando ya nyama na maziwa ni kutegea maafa. Anayekusudia kutumia baridi anahitaji jokofu la pekee lisilotiwa chakula, tena lenye kufuli. Asiye nalo na achague kabati.

Kabati hilo liwe la kufungwa kwa kufuli, lenye giza, mbali na jiko, dirisha na dawa za kawaida za nyumbani. Chupa ziwekwe wima ndani ya kisanduku cha chuma au cha plastiki ngumu chenye kifuniko, ili ikivuja moja isifikie vitu vingine. Ufunguo ukae na mtu mzima mmoja. Kuiweka juu ya kabati si kuificha, kwani mtoto hupanda kiti.

Ni kweli kwamba katika joto la Mombasa au Garissa nikotini itaharibika upesi kuliko katika baridi ya Limuru. Hiyo ni hasara ya pesa. Yule anayeishi na watoto anapaswa kuikubali hasara hiyo badala ya kuihamishia chupa kwenye jokofu la familia.

Chupa inapotolewa katika baridi, iachwe ipate joto la kawaida kabla ya kufunguliwa, la sivyo unyevu wa hewani utaingia ndani. Wakati huo wa kusubiri, isiachwe mezani bila mtu. Kisha itikiswe vizuri, kifuniko kikiwa kimekazwa, ili vilivyomo vichanganyike sawasawa.

Isemwe pia kwamba kifuniko cha kuwazuia watoto hakiwazuii kabisa. Huwachelewesha tu, ili mzazi apate muda wa kufika. Kifuniko hicho hakichukui nafasi ya kufuli.

Dalili na huduma ya kwanza

Dalili za awali za sumu ya nikotini ni kichefuchefu, kutapika, mate kutiririka, jasho, kuumwa na kichwa, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Zinaweza kuanza katika muda wa dakika chache. Baadaye mwili hulegea, moyo hupunguza mapigo, mgonjwa hupatwa na mtukutiko wa viungo, na pumzi huweza kukatika.

Aliyemeza asilazimishwe kutapika, maana anaweza kupaliwa. Maziwa si dawa ya sumu hii. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Aliyezimia lakini anapumua alazwe kwa ubavu. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja, hata kama dalili ni ndogo, na chupa yenyewe ichukuliwe ili daktari ajue kilichomo na ukali wake.

Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa nikotini mwilini. Madaktari humsaidia mgonjwa kupumua, huzuia mtukutiko na kutibu dalili nyingine hadi mwili uimalize sumu wenyewe. Ndiyo sababu muda ni muhimu kuliko chochote.

Inapofikia wakati wa kutupwa

Nikotini iliyozeeka isimwagwe katika sinki, chooni, mtaroni wala shambani, kwani inaweza kuingia katika maji na kuwadhuru viumbe wengine. Isichomwe pia. Ibaki katika chupa yake, imefungwa na kuandikwa, hadi ikabidhiwe mtu aliyeidhinishwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, kushughulikia taka zenye sumu. Chupa tupu nazo zisigeuzwe kuwa za viungo au za kuchezea, maana matone yanayosalia ndani bado ni hatari.

Methali husema mtoto akililia wembe, mpe. Hekima yake ni kwamba mtoto akijikata atajifunza. Nikotini haitoi funzo la aina hiyo, kwa maana anayeionja huenda asipate siku ya pili ya kukumbuka. Kwa mwenye watoto nyumbani, akiba inayofaa ni ile ndogo, isiyo kali na ya kutumika kwa muda mfupi. Asiyeweza kuifungia kwa kufuli hana budi kutoiweka kabisa.