Ufahamu Ulioanzia Kwenye Pamba

Kama wazazi wako walisoma Tanzania au Kenya, waulize kuhusu "ufahamu". Ni ile sehemu ya mtihani wa Kiswahili: unapewa habari, unaisoma, halafu unajibu maswali. Hapa Sydney watoto wanakutana na kitu kilekile kwenye NAPLAN, mwaka wa 3, 5, 7 na 9.

Sasa, mtu anafundishwaje kuelewa anachosoma? Jibu moja zuri liko Mwanza, 1968.

Mwaka huo Tanzania na UNESCO walianza mradi wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya Ziwa Victoria. Wakati ule karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Badala ya kuwapa vitabu vya watoto, waliwaandikia vitabu kufuatana na kazi zao. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi za samaki, wengine za migomba au ng'ombe. Yaani msomaji alipambana na herufi tu. Maana alikuja nayo kutoka nyumbani. Baadaye kampeni ya kisomo ilienea nchi nzima, na mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39.

Kwa nini nawaambia haya? Kila Jumamosi, huku Blacktown, namsaidia mtoto wa mama mmoja wa kanisani, familia iliyotoka Kongo. Ana miaka 9. Anasoma Kiingereza bila kukwama, lakini maswali yanamshinda, na ameshaanza kusema, "Mimi sina akili." Juzi habari ilihusu waokoaji wa ufukweni na bendera zao nyekundu na njano. Maneno yote aliyajua. Ila baharini hajawahi kuingia! Nikamweleza kwa Kiswahili: bendera zinawekwa mbili, watu wanaogelea katikati, ndipo waokoaji wanapolinda. Akasoma tena, akapata maswali manne kati ya matano.

Kumbe akili anayo. Alikosa pamba yake.

Kwa hiyo, ukikaa na mdogo wako, muulize kwanza: "Unajua nini kuhusu hili?" Kama hajui, mweleze kwa lugha yoyote anayoielewa, ndipo asome. Na siku nyingine mpe habari za mpira au za ugali, aonje kushinda.