Bei ya Jasho

Muuguzi alinipima presha mara mbili, mkono wa kushoto kisha wa kulia, akaandika 152 kwa 96. Akaniuliza umri. Nikamwambia miaka 41. Akauliza kama nyumbani kwetu kuna mwenye presha. Nikamwambia baba alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kupimwa. Daktari alinipa miezi mitatu: nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, nirudi tupime tena. Baada ya hapo ndipo tungezungumza habari za vidonge.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na naishi Makuyuni. Siyo ile ya Monduli ambako magari ya watalii hukata kona kwenda Manyara. Yangu ni ya Korogwe, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Shule iko kilomita mbili kutoka kwangu, na kwa miaka sita nimekuwa nikizimaliza kilomita hizo mgongoni mwa bodaboda.

Nilijaribu kukimbia peke yangu. Siku ya kwanza nilikimbia, siku ya pili nilikimbia, siku ya tatu mvua ilinyesha. Ya nne haikunyesha, lakini nililala. Ndipo nikampigia simu kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa anafundisha watu mazoezi Korogwe mjini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Safari hii mwalimu ni wewe."

Akacheka, kisha akanitajia bei bila kunipunguzia heshima wala shilingi. Saa moja ni 15,000. Kwa hali yangu alishauri mara tatu kwa wiki. Nilichukua daftari: vipindi 12 kwa mwezi ni 180,000. Nauli ya kwenda na kurudi, 3,000 kila safari, ni 36,000 nyingine. Jumla 216,000. Mke wangu alilisoma daftari akiwa amesimama.

"Laki mbili na ushee," alisema, "ili mtu akutazame unavyochuchumaa?"

Sikuwa na jibu, na swali lake halikuniacha. Kwa sababu katika ukoo wetu mimi si wa kwanza kuinama na kuinuka mbele ya mtu anayehesabu. Babu yangu alifanya hivyo kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba yeye alilipwa.

Babu alikuja Tanga kutoka Kigoma akiwa manamba, mmoja wa maelfu waliosafirishwa kuja kukata mkonge. Zao lenyewe lilikuwa geni kuliko yeye. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo ilianza kujengwa reli kutoka Tanga, nayo ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yaliifuata reli, na mashamba yalitaka miili. Kufikia mwaka 1944, wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kutafuta vibarua, SILABU, iliyokwenda kuwachukua watu mbali, mikoa ambayo serikali ya kikoloni haikuiachia njia nyingi nyingine za kupata fedha ya kodi.

Kazi ya babu ilihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mtu alitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42. Siku haikuandikwa mpaka ngwe iishe: majani yakatwe, miiba ya ncha iondolewe, yafungwe mafungu ya majani 30, yabebwe mpaka kwenye reli ndogo ya shamba. Nyapara alihesabu. Ukipungukiwa, siku hiyo haimo. Babu alikufa mzee sana, amekonda, na magoti yamekwisha. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye mazoezi. Lakini nisimsifie mkonge: mwili wake ulitumika kwa faida ya mtu mwingine, na wenzake wengi hawakuufikia uzee huo.

Baba alitoka shambani, akawa karani. Kwetu huo ulikuwa ushindi. Alikaa kwenye kiti, akala vizuri kuliko babu, akanenepa, na watu wakasema amependeza.

Hatari ya kiti hicho ilikuwa imekwisha kuonekana mbali na hapa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walitoka katika mitaa ileile, wakafanya kazi katika basi lilelile. Mmoja alikaa siku nzima, mwingine alipanda na kushuka ngazi akidai nauli. Madereva walionekana kupata maradhi ya moyo zaidi ya makonda. Kila nikisimama barabarani hapa Makuyuni na kuona basi la Arusha likipita, konda akiruka chini kabla halijasimama, namkumbuka Morris. Mimi katika habari hii ni dereva.

Na biashara ya kuuza jasho kwa waliokaa ni ya zamani kuliko utafiti huo. Mwaka 1897, wakati huku kwetu reli bado haijafika, Eugen Sandow, mtu wa misuli aliyezaliwa Prussia na kupata jina kwa kunyanyua vitu vizito jukwaani, alifungua chuo cha mazoezi jijini London. Wateja wake hawakuwa wabeba mizigo. Walikuwa watu wa ofisini, na waliokuwa mbali waliweza kununua masomo kwa posta. Mwaka 1911 Mfalme George wa Tano alimpa cheo cha kuwa mwalimu wake wa mazoezi. Kwa hiyo huyu kijana wa Korogwe na bei yake ya 15,000 ana ukoo wake katika kazi hii, na ukoo huo unafika mpaka ikulu. Duniani watu wamelipia mazoezi tangu walipopata kazi zisizowatoa jasho.

Sisi hapa katikati tuliwahi kuwa na njia nyingine. Nilipokuwa shule ya msingi, miaka ya tisini, tulianza siku kwa mchakamchaka. Hakuna aliyeuliza kama unajisikia. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Wakubwa wetu waliupata kwa ukali zaidi katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Wasomi walipotakiwa kwa sheria kwenda huko, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana Oktoba 1966, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994 na ukarudishwa mwaka 2013. Kizazi changu kilimaliza kidato cha sita ndani ya mwanya huo. Sikupigiwa filimbi alfajiri na mtu yeyote, na wakati ule nilijiona nina bahati.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mke wangu, na pia kumwelewa yule kijana. Sikuwa nakosa maarifa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hilo nalijua, nimelifundisha darasani. Hata ufundi unaweza kupatikana bure. Mkenya Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa mtupo wa mita 92.72. Lakini hata Yego, kabla ya kufika huko, alikwenda Finland kufanya mazoezi chini ya kocha. Kuna makosa ambayo mwenyewe huyaoni.

Nilichokosa ni mtu anayenisubiri. Babu alisubiriwa na nyapara, mimi mtoto nilisubiriwa na wenzangu mstarini. Sasa kusubiriwa kumekuwa huduma, na huduma ina bei.

Nikampigia tena yule kijana, nikamweleza ukweli: laki mbili kila mwezi siwezi, nina watoto wawili shuleni. Nikamwomba anifundishe vipindi vinne tu, nilipe 60,000 na nauli yangu, anisahihishe mgongo na magoti, aniandikie cha kufanya nyumbani. Nilidhani atachukia. Akasema wengi wangekuja hivyo, lakini huona aibu kupatana bei. Kipindi cha kwanza aliniambia jambo lililotosha kulipia vyote vinne: nilikuwa nabana pumzi kila ninapoinuka, na kwa mtu wa presha hilo ni hatari.

Sehemu iliyobaki, ya kusubiriwa, niliitafuta hapahapa. Jirani yangu ni mzee mstaafu aliyepita JKT miaka ya sabini. Nilipomweleza shida yangu alinitazama tumbo, kisha uso.

"Saa kumi na moja na nusu," alisema. "Ukichelewa nagonga dirisha."

Hatukimbii. Tunatembea haraka mpaka shuleni na kurudi, kilomita nne, siku tano kwa wiki. Amegonga dirisha mara tatu. Mara ya tatu mke wangu ndiye aliyeamka kwanza, akavaa viatu, na tangu hapo tuko watatu.

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi kupimwa: 138 kwa 88. Daktari alisema ni afadhali, siyo kupona. Niendelee, nirudi tena. Nikamuuliza kama vidonge vinaweza kusubiri. Akasema kwa sasa vinaweza.

Nilipofika nyumbani nilichukua lile daftari la hesabu, nikafungua ukurasa mpya, nikachora mistari 30. Kila alfajiri nikirudi naweka alama moja. Mwanangu mdogo aliuliza ni nini hiki. Nikamwambia ni kipande, kisha nikakaa naye kumweleza habari za babu.