Kabla ya Leza Kulikuwa na Bogotá
Sifa zote za upasuaji wa macho kwa leza hupewa mashine, ilhali wazo lake lilianzia Bogotá, Kolombia, kabla leza haijavumbuliwa. Huko José Ignacio Barraquer alikata kipande chembamba cha konea (tabaka angavu la mbele ya jicho), akakigandisha, akakikereza kama fundi mbao, kisha akakirudisha jichoni. Mtetezi wa leza atajibu kwamba mionzi ya leza ya aina ya eksima, iliyojaribiwa kwenye tishu za wanyama katika maabara ya IBM mwaka 1981, huondoa tishu bila kuunguza kandokando. Kweli kabisa. Lakini leza ilipopigwa juu ya konea iliyokwanguliwa ngozi yake ya juu, mgonjwa aliugulia maumivu siku kadhaa. Nafuu ya haraka ililetwa na kifuniko cha konea kinachofunuliwa na kulazwa tena, mbinu ambayo Ioannis Pallikaris wa Krete, Ugiriki, aliieleza mwaka 1990. Na kifuniko hicho kilikatwa kwa kisu cha aina ileile aliyoibuni Barraquer.