Siti Si Jiji

Kwetu hapa Markham jina la Siti linakwisha. Bibi zetu wa Unguja na Tanga walikuwa nalo, au walikuwa na dada, shoga au somo aliyekuwa nalo. Watoto wetu ni Aisha, Maryam na Sara. Mzee akitaja Siti mtoto anapozaliwa, vijana hukataa, na hoja yao si ya kipuuzi: jina hilo linasikika sawasawa na neno la Kiingereza la jiji. Tena tangu tarehe 1 Julai 2012 Markham yenyewe imepandishwa daraja kuwa jiji, na neno hilo liko kwenye kila bango na kila barua ya manispaa. Nani ampeleke mtoto shule akachekwe?

Ontario inawapa wazazi siku 30 za kuandikisha mtoto. Kabla hazijakwisha, tulitazame jina lenyewe.

Asili yake ni Kiarabu, sitti, yaani bibi yangu, mwanamke wa heshima. Mwenzake wa kiume ni sidi, bwana. Mtoto aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, hakupewa jina la namna hiyo. Wazazi wake, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, walitoka katika utumwa, naye akaitwa Mtumwa. Ndivyo alivyoitwa, asubuhi na jioni, na kila aliyemwita alimkumbusha. Amri ya kufuta utumwa ilitolewa Unguja tarehe 6 Aprili 1897, ila masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909 (wanawake, kama kawaida, waliambiwa wangoje). Na amri haimwondolei mtu jina.

Mtumwa binti Saad alikuwa akitembeza vyungu, akivitoa shamba kuviuza mjini. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, na huko ndiko alikopata jina la Siti. Wengi husimulia habari hii kama msanii aliyejichagulia jina la jukwaani. Sisi tunaona ni zaidi ya hapo. Katika mji uliojua vizuri nani bwana na nani mtwana, mwanamke aliyeitwa Mtumwa alianza kuitwa Bibi, na waliomwita hivyo ni pamoja na watu wa tabaka lililowahi kumiliki watu kama wazazi wake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na jina likasambaa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na chama cha waandishi wanawake Tanzania, TAMWA, kikaliita jarida lake Sauti ya Siti.

Sasa matamshi, maana hapo ndipo penye kazi. Mkanada akikuta t katikati ya irabu mbili huilegeza mpaka ikakaribia d. Kwa hiyo mwalimu akisoma Siti, sikio letu husikia Sidi, na binti anageuka bwana mbele ya darasa zima! Wapo wanaoshauri tuandike t mbili. Haisaidii, kwani Kiingereza cha hapa huzilegeza zote mbili kama ni moja. Wamalaysia na Waindonesia wana Siti wasiohesabika, akiwamo mwimbaji wao mashuhuri Siti Nurhaliza, na hawajaona haja ya kuongeza herufi.

Tuliache jina lilivyo, tumfundishe mwalimu. Silabi ya kwanza ni neno lake mwenyewe la bahari, ya pili ni neno lake la chai. Ayaseme moja baada ya jingine bila kukimbilia t, uzito auweke kwenye bahari.