Moto wa Kambini na Miale Isiyoonekana

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Unyanyembe, penye Tabora, kisha ikaendelea hata Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Waliondoka alfajiri ili kuwahi kabla ya jua kali, na jioni walikoka moto.

Basi, na tuutazame moto ule. Mpagazi aliyeketi kando yake aliona joto usoni, na mgongo wake ulikuwa baridi. Hewa yenye moto hupanda juu. Ni kitu gani basi kilichomfikia usoni? Tena akijikinga kwa mkeka, joto lilikatika mara moja, kama nuru ikatikavyo.

Jibu lilianza kuonekana Uingereza mwaka 1800. William Herschel, mtazama nyota, alipitisha nuru ya jua katika kioo chenye pande tatu, ikagawanyika kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Akapima joto la rangi hizo. Alipokiweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali pasipo nuru yo yote ya kuonekana, kikapanda kuliko po pote. Miale hiyo ndiyo iitwayo infraredi.

Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, mwaka 1857, ukoo wa miale hiyo ulikuwa haujajulikana. Mwaka 1865 Maxwell alieleza kwamba nuru ni mawimbi ya umeme na sumaku. Mwaka 1888 Hertz alidhihirisha mawimbi ambayo baadaye yalitumiwa na redio, na mwaka 1895 Röntgen akagundua miale ipenyayo mwili. Wote hao ni ndugu: huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, wakitofautiana kwa urefu wa mawimbi. Infraredi yakaa kati ya mawimbi ya redio na nuru nyekundu.

Ardhi na miili yetu pia hutoa miale hiyo. Usiku wa Juni na Julai mbingu ya Tabora haina mawingu, na joto la ardhi hupotea juu; ndiyo maana alfajiri huwa na baridi kali. Mpagazi aliyelala uwanjani alipotewa na joto lake. Aliyelala chini ya paa la tembe alipata nafuu, kwa kuwa paa nalo lilimpelekea miale yake. Kwa mtu mchovu, mwenye homa, tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Msomaji aweza kujaribu mwenyewe. Usiku aliondoe jifya moja motoni, aliweke gizani, kisha aukaribishe uso wake kando yake pasipo kuligusa. Jicho halitaona kitu, lakini shavu litajua.