Chujio la Karatasi na Jina la Mlima

Katika mwaka wa 1908, mjini Dresden katika Ujerumani, mwanamke aitwaye Melitta Bentz alichoshwa na mashapo yaliyobaki kinywani kila alipokunywa kahawa. Alitoboa chombo cha shaba kwa msumari, akatandika ndani yake karatasi ya kunyonya wino aliyoitwaa katika daftari la mwanawe, akatia unga wa buni, kisha akamimina maji ya moto juu yake. Kilichodondoka chini kilikuwa safi, tena uchungu wake umepungua. Chombo hicho kiliandikishwa Berlin mwaka ule ule, na kabla mwaka haujaisha biashara ilikuwa imefunguliwa kwa mtaji wa pfennig 73.

Kahawa iliyochujwa hivyo haijifichi. Karatasi huzuia mashapo na sehemu kubwa ya mafuta; ulimi ukatambua uchachu, utamu na uchungu, kila kimoja peke yake. Ndipo mnywaji huuliza: buni hii ilitoka wapi?

Siku zile Kilimanjaro ilikuwa chini ya Wajerumani, na mibuni ilikwisha pandwa kwenye misheni. Baadaye Wachaga walipoistawisha katika vihamba vyao, kivulini mwa migomba, walowezi walitaka wazuiwe. Kwa hiyo, katika mwaka wa 1925, wakati wa utawala wa Waingereza, wakulima hao waliunda chama cha kulinda haki yao. Na mwaka wa 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika, KNCU. Mibuni ikabaki vihambani, na jina la mlima likasafiri.

Lilifika Japani, ambako kumimina maji kwa mkono juu ya chujio kumekuwa ustadi wa nyumbani. Huko Kilimanjaro ni jina la kahawa. Lakini kanuni za biashara zaruhusu mchanganyo kuitwa kwa jina la mahali fulani iwapo asilimia 30 ya buni zake zimetoka hapo. Kuchanganya si hila: buni yenye uchachu hutulizwa na nyingine iliyo nzito, na kikombe kikapata ulinganifu. Hata hivyo, aliyepigania kihamba chake aweza kuwa na theluthi tu ya kikombe kibebacho jina la mlima wake.

Karatasi hutenga mashapo na maji. Haitengi jasho la mkulima mmoja na la mwingine. Kazi hiyo yangoja ulimi uliozoezwa, na mfanyabiashara asemaye kweli.