Kwa Miguu Mjini Huye

Wanafunzi wapenzi, likizo hii niliuacha upepo wa Ziwa Kivu hapa Nengo, nikaenda Huye kuutembea mji wa chuo kikuu kwa miguu. Wakoloni waliuita Astrida, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji; baada ya uhuru wa 1962 ukaitwa Butare. Mwaka uliofuata kilifunguliwa hapo Chuo Kikuu cha Taifa, chini ya padri Georges-Henri Lévesque kutoka Kanada.

Kanisa kuu la matofali mekundu na makumbusho ya 1989 yanapendeza, lakini miguu yangu ilisita chuoni, mbele ya ukumbusho wa waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, aliyazuia mauaji kwa karibu majuma mawili. Serikali ilipomwondoa, mji ukaachwa mikononi mwa wauaji. Tarehe 20 Aprili aliuawa Rosalie Gicanda, bibi kizee, mjane wa Mfalme Mutara wa Tatu. Habyalimana naye hakunusurika. Baadhi ya waliowasaliti wanafunzi walikuwa wenzao wa darasani, na hata wahadhiri.

Nilikaa pale kitambo, nikilitafakari neno "msomi" ninalowafundisha kila muhula.